Kipimo Nacho Kipimwe

Sisi makatekista wa rasi ya Ubwari tumezoea maswali. Tukifika kijijini, kabla hatujaanza mafundisho, mzazi huja na mtoto mwenye vipele: "Mwalimu, hii ni surua, ni tetekuwanga, ama ni ile mpox?" Swali ni fupi, lakini jibu ni zito. Tukisema siyo, kumbe ndiyo, mtoto atalala mkeka mmoja na ndugu zake na kuwaambukiza. Tukisema ndiyo, kumbe siyo, jirani watamkimbia mama yake bure, na samaki wake sokoni Baraka hawatapata mnunuzi. Kwa hiyo hatukisii. Twawapeleka kwa muuguzi. Macho hayatoshi, kipimo chahitajiwa.

Lakini kipimo chenyewe, nani amekipima? Mama anayenunua ndagala hutazama kwanza debe, lisiwe limebonyezwa chini. Vivyo hivyo kila kipimo kipya cha ugonjwa huulizwa mambo mawili: Je, chawatambua wagonjwa? Je, hakiwasingizii wazima? Wataalamu hukijaribu kwa sampuli za watu ambao hali yao imekwisha kujulikana kwa njia ya hakika, kisha huhesabu makosa yake.

Tumeona faida ya kazi hiyo hapa Kivu Kusini. Septemba 2023 mpox ya namna mpya ilianza Kamituga, penye machimbo ya dhahabu. Kirusi chake kilikuwa kimepoteza kipande ambacho kipimo kimoja cha zamani kilikitafuta. Basi kipimo hicho kikashindwa kukitambua. Sampuli zilisafiri mbali, hata Goma na Kinshasa. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza hatari kwa mataifa yote, na mwisho wa mwezi ule likawaita watengenezaji walete ushahidi wa vipimo vyao. Tarehe 3 Oktoba cha kwanza kilikubaliwa kwa matumizi ya dharura, nacho ni cha maabara kubwa, siyo cha kijijini. Kazi ile ilichukua wiki tano hivi. Lakini tangu Kamituga mwaka mzima ulikuwa umepita.

Wazee husema, haraka haraka haina baraka. Tena husema, ngojangoja yaumiza matumbo. Yote mawili ni kweli. Haraka inayofaa siyo kuruka hesabu ya makosa, bali ni kuondoa kungoja kusiko na kazi. Sampuli zitunzwe tayari kabla ya ugonjwa kuzuka. Taratibu za majaribio ziandikwe mapema. Nchi zipatane, ili kipimo kilichochunguzwa vyema Kongo kisianze upya Burundi na Tanzania. Tena kijaribiwe huku kwenye wagonjwa, katika joto letu, mahali ambapo umeme hukatika.

Nasi tunayo sehemu yetu. Muuguzi akiomba sampuli, tumwulize bila haya: ni ya nini, itakwenda wapi, jibu litarudi lini? Tukiisha kuelewa, tutoe kwa hiari, maana bila sampuli za watu wetu hakuna kipimo kitakachojulikana kuwa chatufaa. Nao wakubwa wa afya wakumbuke kuturudishia jibu.

Mvuvi wa ziwa letu hushona nyavu mchana, kabla taa hazijawashwa majini. Vipimo navyo vichunguzwe wakati wa utulivu.