Asumini ya Mama
Mama tulimzika Keza mwezi Mei. Juni nikarudi na miche mitatu ya asumini kutoka Dar, nimeipakata kwenye basi njia nzima. Alipokaa kwangu alipenda harufu yake jioni, nikasema basi, aipate na huku.

Nilisahau Juni ya Ngara. Mvua imekata, usiku unatafuta blanketi la pili, mchana upepo unakausha udongo. Nilimwagilia kila asubuhi. Wiki ya tatu majani yalikuwa meusi.

Shangazi hakunisema. Alikata gongo la umurinzi, nene kama mkono, akasubiri nichimbe. "We chomeka tu mwanangu. Huu ni wa hapa."

Majirani zetu wa Rwanda na Burundi nao huuita umurinzi, yaani mlinzi. Kitaalamu ni Erythrina abyssinica. Una miiba, na harufu hauna. Lakini kiangazi hupukutisha majani, ukabaki maua mekundu matupu huku vilima vyote vimekauka.

Gongo lile lilitoka kwenye mti wa nyuma ya jiko. Mwaka 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 walipovuka Rusumo na kutua Benaco, miti mingi ya Ngara iliishia mafigani. Watu wangepikia nini? Wetu ulibaki: mbao zake nyepesi, hazina moto wa maana.

Septemba shangazi alipiga simu. Gongo limechipua.

"Na asumini?"

"Nilishaing'oa."

Mama umurinzi hakuwahi kuutaja. Asumini aliitaja.