Kelele ya Hiace ya Kikundi

Mwezi huu nimeombwa niandike habari ya ile Hiace ya kikundi, maana watu wengi waliuliza kwa nini ilisimama karibu wiki mbili, na kwa nini mwishowe haikuuzwa.

Mimi nilikuwa fundi wa garaji kule Uvira kabla ya kukimbia. Hapa Nakivale ninalima maharage, na magari ninatengeneza nikiitwa. Hiyo Hiace ni ya zamani, moteri yake ni dizeli ya 3L, silinda nne. Jamaa kumi na moja waliinunua pamoja, wakiweka pesa kidogo kidogo. Inapeleka mahindi Mbarara, inarudi na vitu vya maduka, na usiku akipatikana mama wa kujifungua ndiyo inayomfikisha hospitali. Tangu chakula cha msaada kipunguzwe mwaka 2020, kuna nyumba hapa ambazo sabuni na daftari za watoto zinatoka kwenye gari hiyo tu.

Basi, mwezi wa sita 2024 ikaanza kugonga. Kelele ilisikika gari ikiwa imesimama, moteri inazunguka bila kukanyagwa mafuta, ile mafundi wanaita sailensi. Ko-ko-ko-ko, nzito, kutoka chini ya viti vya mbele. Ukikanyaga kidogo inapotea. Dereva akaipeleka mjini. Fundi mmoja akasikiliza dakika mbili, akasema metali za konrodi zimekufa, tafuteni moteri nyingine. Bei aliyotaja ilikuwa akiba yote ya kikundi, na mbuzi za watu juu yake. Kikundi kilikaa mara mbili. Mama mmoja mjane alisema wazi: gari iuzwe hivyo hivyo, arudishiwe hata nusu ya fungu lake, mtoto wake arudi shule. Sikumlaumu.

Ndipo wakaniita. Nikawaambia, leo hatufungui kitu, leo tunasikiliza.

Kwanza tuliacha moteri ipate moto, kwa sababu dizeli yoyote ikiwa baridi inagonga-gonga, hiyo si ugonjwa. Nikapima oili: imejaa, na nilipoisugua vidoleni haikuwa na unga wa chuma. Taa ya oili nayo ilikuwa imezimika mara tu moteri ilipowaka. Metali zikiisha kweli, moteri ikiwa moto mara nyingi taa hiyo inapepesa kwenye sailensi, na kelele inaongezeka ukikanyaga. Yetu ilikuwa inapotea. Hapo nikaanza kuwa na mashaka na lile neno la mjini.

Halafu nikalegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine, moteri ikiwaka. Ukilegeza bomba, silinda hiyo haichomi tena. Kama ugonjwa uko kwenye konrodi yake, kelele inapungua au inabadilika. Nilifanya zote nne. Moteri ilitetemeka kila mara, lakini ile ko-ko-ko haikubadilika hata kidogo. (Vijana, hapo tumieni kitambaa na mkae mbali na tundu. Dizeli inatoka kwa nguvu ya kupasua ngozi na kuingia mwilini.)

Hiace inadanganya masikio. Moteri iko chini ya viti, bodi yote inalia kama ngoma, kwa hiyo kila kelele inaonekana kutoka katikati. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio. Kwenye bloki, sauti iko mbali. Kwenye pampu ya maji, iko mbali. Kwenye altaneta, karibu niitupe bisibisi.

Kuhakikisha, tulizima, tukatoa mikanda, tukawasha tena. Kimya! Dereva alicheka peke yake. Tuliiacha nusu dakika tu, kwa sababu bila mikanda pampu ya maji haizunguki. Nikazungusha altaneta kwa mkono: ilikuwa kama inasaga mchanga, na puli inacheza huku na huku. Kwenye sailensi moteri inazunguka kwa kusukasuka, kila silinda inavuta mkanda kwa kishindo chake, na beringi iliyolegea inagongwa. Ukikanyaga, mwendo unakuwa laini, kelele inajificha.

Mtu asidhani hiyo ilikuwa kelele ndogo ya kuvumilia. Kwenye moteri hii, pampu inayovuta hewa ya kusaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Beringi ikikwama, mkanda unakatika, na baada ya kukanyaga mara chache breki inakuwa ngumu kama jiwe. Fikirini mteremko, magunia juu, watu ndani.

Beringi mbili na sili ya oili zilitoka Mbarara. Bei yake haikufika mapato ya safari moja ya siku ya soko. Vipande vya ndani ya pampu vilikuwa bado vizima, nikaviosha tu. Mikanda nilikaza mpaka ikibonyezwa kwa kidole gumba katikati inaingia kama sentimita moja, maana ikikazwa zaidi inaua beringi mpya. Yule mama mjane alikuja kusikiliza mwenyewe. Aliweka sikio karibu na kiti, akakaa muda, akaniuliza, "Na hii tik-tik je?"

Alisikia vizuri. Hiyo ni valvu, nafasi yake imeongezeka kidogo. Inataka vishimu vya kipimo chake, tutaifanya baada ya mavuno, na gari inaweza kutembea hivyo. Nilimwambia hivyo mbele ya kikundi chote, ili atakayeisikia kesho asikimbie mjini.

Mwenye gari au mashine ya kusaga inayopiga kelele aniite asubuhi, kabla haijawashwa. Nataka kuisikia inavyoanza ikiwa baridi. Na tafadhali, akina mama na watoto wenye vitenge wakae mbali na feni.