Esposito: Jina la Aliyeachwa

Wasee, mkiskia jina Esposito mnadhani ni la familia ya pesa, ama? Zii. Kule Naples, Italia, lilikuwa la watoto walioachwa. Mama alikuwa anaweka mtoto kwenye gurudumu la mbao ukutani mwa Annunziata, linazungushwa, mtoto anaingia ndani. Anaandikwa Esposito, yaani "aliyewekwa nje". Gurudumu lilifungwa 1875, jina likabaki. Leo ndilo jina la ukoo lililojaa zaidi Naples.

Mimi naona hivi: mtoto hakuchagua kuachwa, lakini jina lilimwanika kila mahali. Wajukuu wengi hawakulibadilisha. Walilibeba hadi aibu ikaisha yenyewe. Sasa wewe unayecheka jina la mwenzako, unajua limepitia nini?