Nizwa ya Mjomba, Nizwa ya Wageni

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukimwambia mtu wa Nizwa kwamba unataka kupanda jabali kwa miguu, alikuuliza umepotelewa na nini huko juu. Njia za mlimani zilikuwa za wachungaji na punda, na aliyejaliwa gari hakuona sababu ya kujitesa. Leo mji huo huo una vijana wanaopata riziki kwa kuwaongoza wageni katika njia zile zile. Nimekuwa nikienda Nizwa kutoka Unguja tangu wakati ule, kwa kuwa mjomba wangu anaishi huko, na mabadiliko haya nimeyaona yakija kidogo kidogo.

Mjomba ni mzaliwa wa Unguja kama mimi. Aliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi, naye akaitika. Nchi aliyoirudia alikuwa akiisikia kwenye mazungumzo ya wazee tu. Babu yake ndiye aliyetoka kijiji kimoja cha Jabal Akhdar, akateremka hadi pwani kutafuta jahazi, maana kule juu maisha yalikuwa ya dhiki.

Nizwa iko kilomita 150 hivi kutoka Maskati, upande wa pili wa milima ya Hajar. Ulikuwa mji wa maimamu wa Kiibadhi tangu karne ya 8, na mnara mnene wa ngome yake ulijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mvua huko ni ya kubahatisha, lakini mitende imeuzunguka mji kwa sababu ya falaj, mifereji inayoleta maji kutoka chini ya mlima kwa mteremko mtupu, bila mashine.

Pembeni mwa ngome kuna mtaa wa kale wa al-Aqr, nyumba za udongo zilizobanana. Mjomba alipofika kutoka ng'ambo alipangishwa humo. Safari zangu za mwanzo nilimwomba anipeleke akakataa katakata. "Mwanangu, mimi nimewakimbia nge mule, wewe unawafuata?" Alikuwa ameshajenga nyumba ya matofali yenye kiyoyozi, kama walivyofanya wenzake wote. Nilikwenda peke yangu. Vigogo vya mitende vilivyobeba dari vilikuwa vimeoza, kuta zimelala njiani, na katika vyumba vilivyosalia walipanga vibarua kutoka Bara Hindi, nguo zao zimeanikwa juu ya milango ya kuchonga.

Miaka ya karibuni wenyeji wenyewe wameukarabati mtaa ule. Kuta zimekandikwa upya, nyumba zimegeuzwa hoteli ndogo na mikahawa, na mgeni anaweza kutembea juu ya ukuta wa mji akiangalia mashamba ya tende. Mara ya mwisho nilimshawishi Mjomba tukanywe kahawa humo. Aliingia akitazama dari, akatambua chumba kilichokuwa ghala la tende: sakafuni bado kulikuwa na vijito ambamo asali ya tende ilichuruzika kutoka kwenye magunia yaliyopandanishwa. Akamuuliza kijana wa hoteli kulala usiku mmoja ni riyali ngapi. Alipotajiwa, akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, "Sisi tulihama kwa joto. Hawa wamerudi na kiyoyozi." Sikusikia majuto katika sauti yake, wala hasira.

Mnada wa mbuzi wa Ijumaa haukuhitaji kukarabatiwa, maana haukufa. Huanza alfajiri na kufikia saa tatu umekwisha. Wanunuzi hujipanga duara, ndani ya duara wauzaji wakizunguka na mbuzi wao kwa kamba, wakinadi bei kwa sauti. Anayevutiwa hunyoosha mkono, humsimamisha mbuzi, humpapasa mgongo, humfunua mdomo kuhesabu meno, kisha humwachia aendelee kuzunguka na bei ipande. Wanawake wa Kibedui wenye barakoa huuza na kununua, na kwa kupatana bei sijaona wa kuwashinda. Zamani mgeni mle nilikuwa mimi na wachache wengine. Siku hizi kamera ni nyingi, na nimemwona mwenye mbuzi akimsogeza mtalii kwa kiwiko ili mnyama wake apite. Biashara haijasimama kumpisha mpiga picha, nami naomba isisimame.

Jabali lenyewe nililitazama kwa mbali miaka mingi. Jabal Akhdar palipiganwa vita kati ya majeshi ya Imamu na ya Sultan wa wakati ule, vilivyokwisha mwaka 1959, na baada ya hapo mlima ukabaki mikononi mwa jeshi. Mgeni hakuweza kupanda bila kibali. Mlango ulipofunguliwa na barabara ikatiwa lami, nilikwenda. Mpaka leo polisi huwasimamisha wasafiri pale Birkat al-Mawz, wakahakikisha gari linavuta kwa magurudumu yote manne, kwa kuwa mteremko wa kurudi umeshaunguza breki za wengi.

Juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kuna mashamba ya ngazi yenye makomamanga na mawaridi. Mawaridi huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi, na ndipo nilipoyaona marashi yetu ya maulidi na harusi yakitengenezwa. Mzee mmoja alikuwa na jiko la udongo lililojaa masizi. Ndani ya chungu alitia petali, katikati akaweka chombo kitupu, juu akafunika kwa bakuli la shaba lenye maji baridi. Mvuke hupanda, hugusa kitako cha bakuli, hugeuka matone na kudondokea chomboni. Marashi yake yalitoka na rangi ya chai nyepesi na harufu ya moshi. Nilipopita tena miaka ya baadaye, jirani zake walikuwa wameingiza mitambo ya chuma inayotumia gesi. Marashi ya mitambo hiyo ni meupe kama maji ya kunywa, na wateja wengi huyapendelea hayo. Mimi hununua ya moshi, kwa sababu bibi yangu Unguja alikuwa akiyanyunyiza hayo kwa mrashi wake wa fedha.

Mtoto wa binamu yangu ni mmoja wa waongozaji niliowataja. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiarabu. Alinipeleka Jabal Shams, kwenye njia inayoambaa ukingoni mwa korongo lenye kina cha mita 1,000 hivi mpaka as-Sab, kijiji kilichohamwa, nyumba zake zimechomekwa chini ya mwamba. Mawe ya njia yamepakwa alama za rangi ili mtu asipotee. "Ami, watu waliishi hapa wakilima ngano," aliniambia, kwa fahari ambayo babu yake hakuwahi kuwa nayo kwa mawe yale.

Wapo wazee wanaolalamika kwamba mji umeuzwa kwa wageni. Mimi siwaungi mkono. Nimeuona al-Aqr ukiporomoka wakati hapana mgeni hata mmoja aliyeutaka. Wasiwasi wangu uko kwenye falaj. Falaj Daris ni mmoja wa mifereji mitano iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006, na watalii hutia miguu ndani yake kujiburudisha. Lakini maji yale yana wenyewe, kila mmoja na zamu yake. Kipimo ni athar, kama nusu saa, kilichohesabiwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota. Sasa watu hutazama saa zao. Visima vya pampu vimeshakausha mifereji mingi Oman, na kazi ya kuingia chini ya ardhi kuzoa tope wameachiwa vibarua. Vijana wa Nizwa wamezijua tena njia za juu ya mlima, na zinawalipa. Sehemu ya malipo hayo ingepelekwa kwenye mfereji, na wao wenyewe wakateremka humo mara moja kwa mwaka, kwa sababu mitende ikikosa maji hapatakuwa na mji wa kumwonyesha mgeni.