Kulala Mbugani Mikumi: Je, Kuna Faida?

Mama mwenzangu, kutoka Hombolo hadi Mikumi ni safari ya kutwa, hivyo kulala huko ni lazima. Lakini wapi?

Wanyama huonekana vizuri asubuhi na jioni, na anayelala ndani ya hifadhi huwaona bila haraka. Ila bei yake ni kubwa. Baba watoto alitamani tulale humo. Tulipopiga hesabu, tofauti ilitosha sare za shule za watoto watatu. Tukalala mjini Mikumi, nje ya hifadhi, chini ya chandarua. Asubuhi na mapema tukawa getini. Wakati wa kurudi watoto walisimulia twiga na tembo. Kitanda hakuna aliyekitaja.

Kama fedha ipo, lala ndani. Kama itatoka kwenye ada, acha. Bwana Yesu alitufundisha kuhesabu gharama kwanza (Luka 14:28).