Jiwe Linalokula Usiku

Najua nimekuwa kimya, na huenda wengine wenu mlidhani nimeiacha tarakilishi nikaenda kufuga kuku. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafuga kweli, ila si kuku. Nilikuwa nafuga jiwe! Tena jiwe lenyewe nalilisha kamba kwa bomba la sindano, saa tatu usiku. Kaa kitako nikusimulie.

Mwaka 2024 niliandika programu ya kuhesabu bidhaa kwa duka moja hapa Nairobi. Kazi ikaisha, lakini duka likafilisika kabla sijapata malipo ya mwisho, shilingi 85,000. Mwenye duka, mzee muungwana ambaye sina kinyongo naye, akaniita. "Kijana wangu, pesa sina. Chukua hili tangi."

Lilikuwa tangi la kioo la lita 120: maji ya chumvi, samaki wawili, kamba mmoja mwekundu, na kipande cha tumbawe cha rangi ya machungwa, ukubwa wa ngumi. Akanipa na karatasi zake, kwa sababu matumbawe yote ya mawe yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na hiki kilikuwa kimetoka Indonesia kwa kibali.

Mpango wangu ulikuwa rahisi: niliuze tangi nilipe kodi ya nyumba. Siku ya tatu mnunuzi akaja. Alilipenda tangi, kisha akalinyoshea kidole lile tumbawe. "Hilo limekufa. Litupe, nitarudi mwisho wa mwezi."

Alipoondoka nililitazama kwa tochi. Lilikuwa na vikombe 23 na vyote vilikuwa vimefumba. Nyama ilikuwa imenywea hadi kingo nyeupe za mifupa zikachomoza. Lakini katikati ya vikombe rangi ya machungwa ilikuwa bado ipo. Halikuwa limekufa. Lilikuwa na njaa.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni kundi la wanyama wadogo, polipu, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake, wanaojijengea nyumba ya chokaa. Matumbawe mengi tunayoyajua huishi na mwani mdogo sana ndani ya nyama yao. Mwani huo hutengeneza chakula kwa usanisinuru na kumgawia mwenye nyumba. Ukiwa na taa nzuri, umemaliza nusu ya kazi.

Langu halina mwani huo. Linaitwa tumbawe la jua, Tubastraea kwa jina la kisayansi, na hilo jina ni kichekesho kwa sababu jua halina haja nalo. Huishi chini ya miamba na kwenye mapango, na usiku hufungua minyiri yake kunasa vidudu vinavyopita na mkondo wa maji. Jamaa zake wapo hata katika bahari yetu ya Hindi. (Tafadhali usiende kulivunja! Katika hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi, zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuondoka hata na kombe.)

Sasa tatizo. Polipu mwenye njaa hujifumba ili asipoteze nguvu. Akijifumba hawezi kula. Asipokula, njaa inazidi, naye anazidi kujifumba. Sisi waandishi wa programu tunaujua mkwamo wa namna hii: kazi A inamngoja B, na B anamngoja A, na tarakilishi nzima inaganda. Kwenye tarakilishi unaizima na kuiwasha upya. Mnyama hana kitufe.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilinunua kamba kule City Market, nikawakatakata vipande vidogo kuliko punje ya mchele, nikamwaga kijiko kizima ndani ya maji. Pampu ikavisukuma vipande hadi kwenye chujio, yule kamba mwekundu akashiba, na baada ya siku tatu naitreti ilikuwa imepanda mpaka samaki wakaacha kula. Nikabadilisha maji, robo ya tangi, nikijilaumu.

Jaribio la pili lilikuwa la kitaalamu (ndivyo nilivyojidanganya). Nilichukua Arduino na swichi ya umeme, nikaiandikia programu izime pampu saa tatu usiku na kuiwasha tena baada ya dakika 40. Usiku wa kwanza ilifanya kazi, ingawa hakuna kikombe kilichofunguka. Kuanzia usiku wa pili, kila nikielekeza bomba kwenye tumbawe, mkondo ulipeperusha chakula chote. Siku nne nikalilaumu tumbawe. Siku ya tano nikaona pampu inazimika saa kumi alasiri! Kumbe stima ilikuwa imepotea mchana, na Arduino ikirudi huanza kuhesabu muda kutoka sifuri. Haina saa yake yenyewe. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nami nina digrii ukutani. Nikaongeza saa ndogo ya DS3231 yenye betri yake, nikaongeza na amri kwamba pampu isizimwe zaidi ya dakika 40 hata itokee nini, maana samaki nao wanahitaji hewa.

Jaribio la tatu ndilo lililofaulu, na halikuhitaji hata mstari mmoja wa programu. Nililoweka vipande vya kamba kwenye kikombe cha maji ya tangi. Nikazima taa. Nikavuta yale maji tu, bila nyama, nikayadondosha polepole juu ya tumbawe, kisha nikangoja dakika 20. Polipu hawana saa wala macho ya kuona kijiko changu, lakini wananusa. Harufu ya chakula ndiyo ishara waliyokuwa wakiingoja.

Mama alikuwa amekuja kunitembelea wiki hiyo. Alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Mwanangu, jokofu lako halina hata nyanya, na wewe unalilisha jiwe?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na wasiwasi wa kodi kama yeye. Nikaenda jikoni kumchemshia chai, na nikiwa huko nikamsikia akiita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Njoo uone. Kumbe lina mdomo."

Kikombe kimoja kilikuwa kimefunguka. Minyiri myembamba ya manjano, kama ua la alizeti. Niliweka kipande kimoja juu yake kwa bomba, minyiri ikakikumbatia, kikazama. Mama ndiye aliyepata wazo la kukata chupa ya soda na kulifunika tumbawe ili yule kamba asiibe. Usiku ule walikula polipu watatu. Wiki iliyofuata wakawa tisa.

Mwisho wa mwezi vikombe 17 vilikuwa vinafunguka. Sita havikurudi. Mnunuzi alipokuja nilimwonyesha, akastaajabu, akasema atachukua vyote. Nikamuuliza kama ataweza kulisha mdomo mmoja mmoja kila baada ya siku mbili. Akacheka. "Ndugu yangu, mimi nataka pambo la sebuleni."

Sikumuuzia. Kodi niliilipa kwa vibarua viwili vya tovuti, nikachelewa siku tisa, na mwenye nyumba hakufurahi.

Kinachonishangaza hadi leo ni hiki: tumbawe hili hili ni mvamizi kwingine. Lilionekana Karibiani mwaka 1943, na miaka ya 1980 likapatikana kwenye mitambo ya mafuta baharini huko Brazili, ambako sasa watu wanahangaika kuling'oa. Huko halihitaji bomba la mtu. Kwangu lilikuwa linakufa ndani ya maji safi, chini ya taa nzuri, mbele ya macho ya watu walioridhika kwamba ni jiwe.

Juzi nimeona kidoto cha machungwa pembeni ya kikombe cha nane. Polipu mpya. Nimempigia Mama simu, akauliza kama kameanza kula.

Basi, saa tatu inakaribia na kamba wameshalowa. Tuonane wakati mwingine.