Jino Likilegea

Meno ya utoto ni 20, na kwa wengi ya mbele chini ndiyo hutangulia kutoka, mtoto akiwa na miaka kama 6. Jino jipya linasukuma, mzizi wa lile la zamani unayeyuka polepole, hadi linaachia lenyewe. Kinachokosekana ni subira.

Hapa Pap Onditi, jino la binti yangu lilipoanza kucheza, kila mtu alikuja na dawa yake. Mjomba wake alitafuta uzi wa kufunga mlangoni. Binamu zake walitaka ling'olewe fasta, wapate kulirusha juu ya mabati. Mtoto alifunga mdomo kwa mikono miwili.

Aliyewanyamazisha ni Dana, nyanya yangu. Alifungua tu kinywa. Mbele, chini, hana meno 6: yaling'olewa kwa chuma akiwa msichana, kwa ile mila yetu Wajaluo ya nak. Yalikuwa meno ya ukubwani, hayakuota tena. Na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari.

"Mwacheni," alisema. "Mdomo ni wake."

Mjomba akaurudisha uzi mfukoni.